Tupime Uzuri Nje ya Lango

Wakubwa wetu wa mji na wa komini, mashefu wa kartie, mapadri na wachungaji, mama zetu, baba zetu, vijana: kila mmoja kwa jina na cheo chake, salamu kwenu. Katibu amenionya kwamba muda wangu ni mfupi, na kwamba wachezaji wa ngoma wamekaa pale nyuma wananisubiri nimalize. Basi niende moja kwa moja.

Mmeniita kama mwalimu wa ujenzi niseme neno juu ya wazo lililo mbele yetu: Lubumbashi iwe na tuzo yake ya kila mwaka, ya kuwaheshimu wanaojenga vizuri na kupatunza wanapokaa. Karatasi mliyogawa nimeisoma. Ina vipengele vinne: villa nzuri, duka zuri, bustani nzuri, lupangu safi, yaani kiwanja cha nyumba na uwanja wake. Wazo nalipenda sana. Vipengele sivipendi, na hilo ndilo lililonileta. Vyote vinne vinaishia kwenye ukuta wa mtu. Lango likishafungwa, kilichobaki nje hakina mwenyewe, hakina wa kusifiwa wala wa kulaumiwa. Nami nasema mji ni kile kilichobaki nje.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: tuzo iende kwa avenyu, yaani barabara nzima ya mtaa, isiende kwa nyumba.

Kabla sijaeleza, tukumbuke kwamba si mara ya kwanza watu wa hapa kupimwa usafi. Mji huu ulianza mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville, na chini ya Wangermée, mtawala wa kikoloni wa Katanga, avenyu zake zikapimwa kwa kamba, zimenyooka, zinakatana kwa pembe mraba. Hadi leo tunafaidi upana wake. Lakini kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika, ule ambao sasa ni Kamalondo, uliachwa uwanda mtupu ambao upana wake ulifika kama mita 700. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: eti mbu wa malaria hawezi kuruka mbali kiasi hicho. Waliouvuka kila asubuhi na kila jioni, kwa miguu, walikuwa wapishi, maboi na waashi.

Mwaka 1929 ikawa zamu ya inzi. Mfanyakazi alitakiwa kuleta inzi hamsini ndipo apokee posho yake ya siku. Naona mnacheka. Mimi hujiuliza tu siku ya mvua alifanyaje.

Zikaja kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, nyumba za matofali kwa mistari, maji, mifereji, na mkaguzi anayepita. Wazee waliozaliwa kambini wanazisifu mpaka leo, na wana haki ya kuzisifu. Miaka ya 1970 tukaletewa Salongo ya Mobutu, kazi ya pamoja ya lazima, majembe na nyimbo, na asiyetokea alijua kitakachompata. Ndiyo maana leo ukitaja usafi mbele ya mzee wa komini ya Katuba, kwanza anatazama nyuma yako kama hujafuatana na polisi. Na ukitaja uzuri wa mji, anakumbuka siku mkubwa fulani anapotarajiwa kutoka Kinshasa: mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa usiku kucha, mashimo yanajazwa udongo, wauzaji wanafukuzwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki moja baadaye chokaa imefutika na wauzaji wamerudi, maana watoto wao walikuwa bado wanakula.

Tuzo inayoanza na historia ya namna hiyo lazima ijihadhari. Ikienda kwenye villa, watu watasema ni yaleyale: mwenye nacho anapongezwa kwa kuwa nacho. Na kusema kweli, watakuwa wameona sawa. Mtu aliyemlipa msanifu, akamlipa mwashi, akamlipa mtunza bustani, amekwisha kupata alichokilipia. Tumpe kikombe cha nini tena?

Sasa tuone wenzetu wanafanyaje. Ufaransa wana shindano la miji na vijiji vya maua tangu mwaka 1959. Mji ukishinda unapewa kibao cha kusimika mlangoni mwake, chenye ua moja hadi maua manne. Mimi sina haja na maua yao. Ninachokipenda ni kwamba waamuzi wanarudi, na mji uliozembea unanyang'anywa ua mbele ya macho ya jirani zake. Toronto, kule Kanada, kila baada ya miaka miwili wanatoa tuzo za usanifu wa mji, na jengo la mtu binafsi linapimwa pamoja na mazingira yake: limewafanyia nini majirani, limempa nini mpita njia. Wana hata kipengele cha viwanja vidogo vya wazi. Kipande cha ardhi chenye benchi na mti kinaweza kupanda jukwaani siku moja na ghorofa refu.

Hata hivyo mfano ulio karibu nasi zaidi, ingawa uko mbali kwa ndege, ni Jakarta, Indonesia. Kuanzia mwaka 1969 mji ule uliamua kutovunja mitaa yake ya maskini, ile wanayoiita kampung. Badala ya kubomoa, walipitisha vijia vya saruji, mifereji ya maji ya mvua, mabomba ya maji, vyoo. Nyumba za watu hazikuguswa. Kilichofuata ni kwamba wenye nyumba, walipoona njia imepita na hakuna anayekuja na tingatinga, walianza wenyewe kubadilisha mbao kwa matofali na kupaka rangi. Mwaka 1980, tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kazi ile ilikuwa miongoni mwa washindi. Tuzo kubwa ya wasanifu wa dunia, na waliyempa ni mfereji na kijia! Nawaambia wanafunzi wangu, ambao wote wanataka kuchora ghorofa zenye vioo, hawaniamini.

Basi tuuzungumze huo mfereji, maana hapo ndipo penye kazi.

Mji wetu unapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Novemba na Machi. Halafu miezi mitano, sita, hata tone. Yaani kanivo zetu, mifereji hii ya kando ya njia, zina maisha mawili. Wakati wa vumbi ni jalala, ni mahali pa kutupia maganda na sacheti za maji. Amri ya serikali ya mwisho wa mwaka 2017 ilikataza mifuko ya plastiki. Sacheti hazikusoma amri. Mvua ya kwanza inapofika, yote yaliyotupwa yanasafiri pamoja hadi kwenye daraja dogo la kwanza, yanaziba, maji yanapanda, yanaingia ndani ya lupangu la mtu ambaye pengine ndiye pekee aliyekuwa akifagia.

Kuna avenyu moja huko Katuba, siitaji kwa sababu nataka ishindane bila upendeleo, ambapo niliwapeleka wanafunzi mwezi wa kwanza, saa moja baada ya mvua kubwa. Niliwaambia wasitazame nyumba hata moja, watazame chini tu. Upande wa kushoto kanivo ilikuwa inakwenda. Maji mekundu, ya kasi, lakini ndani ya kuta zake. Mbele ya kila lango kulikuwa na kifuniko cha zege chenye pete mbili za chuma, ili watu wawili wainue, wakokoe uchafu, wakirudishe. Vifuniko havikufanana, kila mtu alimimina chake, kimoja kina alama za vidole vya mtoto, kingine kimeandikwa tarehe kwa msumari. Lakini vyote vilikuwa na upana mmoja, maana walikubaliana kwanza juu ya upana. Pale mteremko unapokuwa mkali walipanga mawe ya kuvunja kasi ya maji. Na penye miembe miwili kando ya njia, mzizi ulipoinua ukuta wa kanivo, hawakukata mti. Waliukunja mfereji kidogo, ukauzunguka.

Kijana mmoja akaniuliza, mwalimu, usanifu uko wapi hapa? Nikamwonyesha ile kona ya mwembe. Mtu alikaa pale, akafikiri, akaamua kwamba kivuli kina thamani kuliko mstari ulionyooka. Huo ni usanifu. Nyumba za avenyu ile zilikuwa za kawaida kabisa, mabati ya kutu, milango ya kila aina. Kwa karatasi yenu ya vipengele vinne hawapati hata nafasi ya kumi.

Upande wa kulia wa avenyu ileile kulikuwa na ukuta mpya, mrefu, umepakwa rangi nyeupe, una vipande vya chupa juu na taa za mapambo. Mwenyewe alikuwa amefukia kanivo ili gari lake liingie bila kuruka. Maji yote ya juu yakawa yanageukia kwa jirani wa chini. Ukiingia ndani, nasikia ni pazuri ajabu, kuna majani yaliyokatwa sawasawa na chemchemi ya maji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huyu aliupindua, uzuri ameuficha ndani, kipande cha mti ametuachia sisi huku nje.

Ndiyo maana nasema waamuzi wasiingie kwenye lango. Wapite njiani tu, kwa miguu. Gari la waamuzi lenye vioo vyeusi halitaona kanivo.

Waende mwezi wa kwanza, siku ya mvua, wakiwa na buti. Warudi mwezi wa nane, vumbi likiwa kazini, waone nani anamwagia miti ya nje kwa maji ya kufulia na nani ameiacha ikauka. Mwezi wa kumi wasiende kabisa. Mwezi wa kumi jakaranda zimechanua, na kila avenyu ya mji huu inapendeza hata kama watu wake hawajanyanyua ufagio tangu Pasaka. Tutakuwa tunampa tuzo mti uliopandwa na marehemu.

Na watoke nje ya komini husika. Watu wa Kampemba wapime Ruashi, watu wa Ruashi wapime komini yetu ya Kenya, na kuendelea. Tunajuana. Ukimweka mtu apime avenyu ya shemeji yake, matokeo tunaweza kuyatangaza leo hii na kwenda kula bukari.

Juu ya kuta niseme kidogo, kwa sababu najua wengi mtauliza kama avenyu nzima itakuwa ya mifereji tu, bila kitu cha kufurahisha macho. Hapana. Mji huu una mafundi wa rangi ambao wageni huja kuwapiga picha. Nendeni Kenya, nendeni Katuba, mtazame kuta za vinyozi, za maduka ya dawa, za mafundi redio: vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo sita, simba, mami wata, chupa ya dawa yenye ukubwa wa mlango. Hakuna aliyewalipa wafanye mji uwe mzuri, walilipwa waonyeshe bidhaa. Lakini mtoto anayepita pale kwenda shule ana kitu cha kutazama, na anayepita kando ya ukuta wenye vipande vya chupa hana. Tuzo iwaone hao mafundi. Iwaandike kwa majina, pale pale chini ya ukuta, maana wengi hawasaini.

Hata vile tunavyowaonyesha wageni kwa fahari havikuwahi kushinda chochote. Theatre ya mwaka 1956, sawa, ilijengwa ipendeze. Lakini kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, nani alikusudia viwe vizuri? Na bado mtu wa Lubumbashi aliyeko Brussels akiviona kwenye picha, koo linamkaba.

Sasa tofali. Hapa nitawachosha kidogo, mnisamehe, ni kazi yangu. Nyumba nyingi za mji huu zimetoka kwenye vichuguu. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mzuri, na vichuguu vya Katanga ni vikubwa, vingine vinashinda nyumba kwa urefu. Kila kiangazi tunavichimba, tunakanda, tunapanga tanuru, tunachoma. Tunachoma kwa nini? Kwa miti. Msitu wa miombo uliokuwa ukianzia karibu na mji sasa unafuatwa mbali sana, na mkaa wa kupikia na tofali vinaugombea. Kwa hiyo tukimsifu mtu kwa nyumba nzuri ya matofali mekundu, tuulize pia imekula miti mingapi.

Kuna njia nyingine. Kule Gando, kijiji cha Burkina Faso, msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi kwa tofali za udongo zisizochomwa, zilizoshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo. Paa la bati alilinyanyua juu ya dari ili hewa ipite katikati na joto litoke. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe, walisomba maji, walishindilia sakafu. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ndiyo kilele. Alianza na udongo ambao watu wa kwao waliuona ni wa maskini. Mashine ya kushindilia tofali hata sisi tunaweza kuipata, haihitaji umeme, inahitaji watu wawili wenye mikono. Ningependa tuzo yetu ya kwanza iwe hiyo: avenyu itakayoshinda ipewe mashine ya tofali, ya wote, ikae kwa mtu waliyemchagua wao.

Hapo nimefika kwenye zawadi. Pesa taslimu, hapana. Mnajua zitakakoishia, na ugomvi wake utaivunja hiyo avenyu kabla ya mvua inayofuata. Saruji, nondo, mabomba, miche ya miti, mashine. Na vipokelewe na kamati ya avenyu yenye wanawake ndani yake, kwa sababu nikipita asubuhi na mapema sioni wanaume wengi wenye ufagio. Msipige makofi, mama zangu, mtawaudhi wazee.

Pamoja na hivyo, kibao. Kibao cha bati, kimeandikwa mwaka, kinafungwa kwa parafujo mwanzoni mwa avenyu. Kwa parafujo, si kwa msumari, ili kiweze kufunguliwa. Waamuzi wanarudi kila mwaka wa pili, na wakikuta kanivo imeziba, wanakuja na bisibisi.

Baba mmoja alinisimamisha pale nje kabla hatujaanza, akaniambia: avenyu yetu ikishapendeza, mwenye nyumba atapandisha kodi, na mimi niliyechimba mfereji nitahamia mahali pengine pasipo na mfereji. Anasema kweli. Yametokea katika miji mingi, na kikombe hakiwezi kulizuia soko. Mji unaweza kufanya hili: mpangaji aandikwe kwenye kamati sawa na mwenye nyumba, na waamuzi wanaporudi waulize pia nani hayupo tena, na kwa nini. Avenyu iliyowafukuza waliochimba mfereji wake isihesabiwe kuwa imetunzwa. Najua wenye nyumba mliomo humu hamjafurahi. Tutazungumza wakati wa soda.

Wengine mtasema tumbo kwanza, uzuri baadaye. Nimelisikia hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini kipindupindu kinapopita kwenye kartie, hakianzi kwa walioshiba. Mfereji unaokwenda ni chakula pia, ni siku za kazi ambazo mama hakulala hospitali na mtoto. Na kivuli mbele ya lango ndicho duka la yule anayeuza mikate na makala, yaani mkaa. Akikatwa ule mti, anauza juani, na mikate inakauka kabla ya saa nne.

Mwisho, yanayohusu leo. Fomu za kupendekeza ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Zimepigwa chapa kwa vipengele vile vya zamani, na hatuna pesa za kupiga nyingine. Basi palipoandikwa jina la mmiliki, lifuteni kwa kalamu, muandike jina la avenyu, kuanzia njia panda gani hadi njia panda gani. Palipoandikwa idadi ya vyumba, andikeni idadi ya vifuniko vya kanivo vinavyoinuka. Mwenye kuandika anaweza kuwa mpangaji, anaweza kuwa muuza makala, anaweza kuwa mwanafunzi, ilimradi anaishi pale. Zirudishwe kabla ya mvua za Novemba, ili waamuzi wapate muda wa kutafuta buti.